Manowari ya Mama Khaemba

Watu wa mtaa wetu wa Munyaka hupenda kusema kwamba Eliakim, fundi wa majeneza, alirogwa. Upuuzi mtupu! Mimi ndiye niliyekuwa na duka ukuta kwa ukuta na karakana yake. Nilisikia randa yake tangu nikifungua mpaka nikifunga, na ninawaambia hakuna aliyemroga. Alikuwa na mama, basi, na mama anatosha kumfikisha mtu popote.

Eliakim alikuwa Mluhya wa upande wa Turbo. Kwao ni Chepsaita, mahali baba yao alipopata kishamba baada ya kumlimia Mzungu maisha yake yote. Alikuwa mrefu, mpole, na mkimya hadi unakasirika. Ukimwambia, "Fundi, umeamkaje?" anajibu, "Mungu yupo, Mama Wahu," halafu anarudi kwa mbao zake. Wahu ni binti yangu wa kwanza. Eliakim alitengeneza vitanda na kabati pia, lakini majeneza ndiyo yaliyompa jina, kwa sababu hakukubali kuambiwa kipimo kwa mdomo. Alikwenda mwenyewe na kamba yake akampima marehemu kutoka kisigino hadi utosi, akimgusa polepole utafikiri anaweza kumwamsha. Mke hakuwa naye. Alikuwa ameondoka zamani, na mimi sikuuliza, ingawa nilitaka sana.

Mwaka wa themanini akamleta mama yake mjini, kwa sababu macho ya yule bibi yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Nikatoka dukani na heshima zangu zote nikamwamkia, "Karibu Munyaka, Mama Eliakim." Akaangalia kando. Nikarudia kwa sauti. Kimya! Nilifura, jamani. Mimi huyu nidharauliwe mlangoni pangu? Eliakim akanivuta kando. "Usikasirike, Mama Wahu. Yeye ni Mama Khaemba. Jina lingine haitiki."

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Nanyama, na Khaemba alikuwa kifungua mimba wake. Wakati wa vita vya Hitler, Eliakim akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, Wazungu walitafuta vijana wenye kifua wa kuchochea makaa katika manowari moja kuukuu iliyotoka Mombasa. Khaemba akaenda. Manowari ikazama mbali huko baharini, na yeye ndani. Jina la Kizungu la hiyo manowari lilikuwa refu, silikumbuki. Bibi aliiita Ile.

Sasa, kwa watu wao, mtu akipotea na mwili usipatikane, wazee hukata shina la mgomba, hulifunika shuka, hulililia na kulizika kama mtu. Siku ya tatu wafiwa hunyolewa, na walio hai wanaruhusiwa kuendelea kuishi. Wazee walifika kwao na mgomba wao. Nanyama akawafukuza kwa jembe. "Sikuzaa ndizi!" aliwaambia. "Mwenye kuzaa ndizi akaililie kwake!" Hivyo Khaemba hakuzikwa, mama hakunyolewa, na miaka karibu arobaini ilipita hivyo. Bibi alikuwa akipakua chakula cha Khaemba kwanza, ndipo anampa Eliakim. Niliyaona kwa macho yangu pale Munyaka, na Eliakim ni mtu wa mvi tayari.

Msimu wa baridi wa mwaka uliofuata kifua kikambana bibi sana. Mimi nilikuwa nimepeleka uji, kwa hiyo nilisikia mwenyewe. Alimwambia Eliakim, "Mimi naenda. Nikifika huko, mtoto ambaye sijamzika nitamkuta wapi? Atanipita njiani kama mgeni. Nitafutie kitu nizike kabla sijafa. Lakini usiniletee mgomba. Niletee kile kilichommeza."

"Mama, iko chini ya bahari," Eliakim akasema.

"Wewe si fundi?"

Hiii! Nilitoka hapo nikitikisa kichwa. Eliakim hakuwahi kuona bahari. Maji makubwa aliyoyajua ni mto Sosiani ukifurika. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, sawa, lakini je, mwana aliyebaki, uchungu wake anaujua nani?

Mjini palikuwa na Mzee Opiyo, fundi wa baiskeli karibu na reli. Yeye na Khaemba walichochea makaa pamoja katika manowari ile. Ilipozama, Opiyo akaokotwa. Miaka yote Eliakim alikuwa akimsalimia kwa mbali tu, mmoja akiona haya kwa kuwa hai na mwingine akiona haya kumwonyesha uchungu. Sasa akamwendea. "Mzee, nielezee ile meli. Yote."

Opiyo akahamishia kigoda chake karakanani. Mdomo! Yule mzee aliongea kuliko redio. Alichora kwa chaki sakafuni: pua, mkia, mabomba matatu ya moshi, chumba cha nahodha, mizinga ya mbele na ya nyuma, ngazi ya kushukia kwenye makaa. Alijua kila mlango kwa sababu kila mlango ulikuwa umemgonga kichwa. Lakini ukimuuliza ilizamaje, alisema, "Ilizama tu," halafu ghafla anakumbuka baiskeli ya mtu.

Fundi mwingine angechukua ubao wowote akaanza. Eliakim alikwenda kwanza kwa mama yake na ile kamba ya majeneza. "Mama, Khaemba alikuwa mrefu namna gani?" Bibi akasimama, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake, kiganja chini. "Hapa. Alikuwa akiinama mlangoni." Eliakim akapima kutoka sakafuni mpaka kiganjani. Huo ndio ukawa urefu wa manowari kutoka pua hadi mkia. Akagawanya na futi za meli yenyewe, kwa jinsi Opiyo alivyozikumbuka, na kila futi ya meli ikawa karibu robo inchi ya mbao. Kuanzia hapo hakukubali kitu kizidi wala kipungue. Milango ilifuata kipimo hicho, ngazi, nanga, hata vitanda vya kamba walivyolalia kule chini, ambavyo hakuna mtu angeviona sitaha ikishafunikwa.

"Fundi," nikamwambia, "hivi vitanda atavilalia nani, panya?"

Akanionyesha kimoja kwa ncha ya patasi. "Khaemba alilala hapa."

Nikarudi dukani.

Mbao ilikuwa ya mti wa podo, aliyoiagiza kutoka Timboroa na kuikausha juu ya dari. Aliipasua nyembamba kama ganda, akailainisha kwa mvuke wa sufuria, akaikunja juu ya mbavu za meli na kuishika kwa gundi na misumari ya fundi viatu. Mabomba ya moshi alitengeneza kwa makopo ya mafuta ya Kimbo, ameyakata, ameyanyoosha, ameyaviringisha upya. Vyuma vya kushikilia pembeni vilikuwa spoku za baiskeli kutoka kwa Opiyo. Mizinga ilitoka kwa mbavu za mwavuli, na Opiyo akashikilia kwamba lazima izunguke, la sivyo hiyo ni boti ya kuvulia samaki. Mnyororo wa nanga ulikuwa mkufu wangu uliokatika. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikicheka, nilitoa mkufu wangu. Wateja walikuja kuulizia vitanda vyao wakaondoka wakitukana, na wengine walinitukana mimi kwa sababu nilikuwa karibu.

Mwili wa meli ulipokamilika, aliletwa bibi. Akashika pua, akatembeza viganja vyote viwili taratibu mpaka mkia. Kisha akalala kifudifudi juu yake kama mtu anayekumbatia, mikono ameinyoosha. Akakaa hivyo. "Ni yeye," akasema. "Huyu ni Khaemba." Nilikuwa nimekuja na utani wangu mdomoni siku hiyo, na machozi yakanitoka kabla sijajua.

Hakumwambia Eliakim hata asante. Hakumuuliza kama amechoka, na alikuwa amekonda mpaka suruali inashikwa na kamba. Uchungu ulinipanda. "Na wewe je?" nikamuuliza Eliakim, bibi alipokwisha kuondoka. "Wewe ulizaliwa na nani, na mti?"

"Acha kwanza amzike, Mama Wahu," akasema, akapuliza vumbi la msasa.

Mazishi yakapangwa Chepsaita, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, mwaka wa themanini na mbili. Rangi ya kijivu ilikuwa imepakwa, mahali pa kaburi pameshaonyeshwa. Jumapili kabla ya hapo, tukijitayarisha kwenda kanisani, redio ikatangaza kwamba wanajeshi wa ndege wamepindua serikali. Baadaye ikatangaza kwamba hawakupindua. Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Kuanzia siku hiyo kila mtu alimtazama jirani yake kwa pembe ya jicho, na neno "mwanajeshi" lilisemwa kwa kunong'ona. Na sisi hapo Munyaka tulikuwa na manowari.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana mmoja wa chama tawala, aliyeshinda barazani pa duka langu bila kununua hata kiberiti, alikwenda kusema kwamba kuna fundi anaunda silaha. Askari wakaja na Landrova. Mkubwa wao akaizunguka ile meli, akagusa mzinga kwa kidole, na mzinga, kwa jinsi ulivyotengenezwa vizuri, ukageuka bila sauti ukamwelekea tumboni. Akaruka nyuma.

"Hii ni nini?"

Mtu mwingine angesema ni mchezo wa watoto, au ni pambo la hoteli. Eliakim hakujua kudanganya juu ya maiti. "Ni ndugu yangu," akasema.

"Unatuchezea?"

"Hapana, afande. Ni ndugu yangu. Tunamzika Jumamosi."

"Na mambo ya jeshi umefundishwa na nani? Nani alikuchorea?"

Hapo Eliakim akanyamaza. Opiyo alikuwa mzee, na jina lake lilikuwa la kabila la wale waliotajwa kuongoza mapinduzi; siku zile hilo lilitosha kumtia mtu taabani. Wakambeba Eliakim pamoja na meli. Mimi nikatoka na mwiko mkononi nikapiga kelele, "Serikali nzima inaogopa kopo la Kimbo?" Yule mkubwa akaniambia, "Mama, funga duka lako, na ufunge mdomo pia." Nilifunga duka.

Bibi hakulia. Aliuliza tu, "Wamempeleka wapi?" Nikadhani anamuulizia Eliakim. Nikamwambia ni kituoni. Akafunga shuka lake, akachukua fimbo, akaenda. Kwao mwili ukiwa haujazikwa, mama halali nyumba nyingine, hulala matanga pale mwili ulipo. Basi akaketi chini, matopeni, nje ya ua wa kituo, akaanza kumlilia Khaemba kwa nyimbo za kwao. Askari wakamwambia aondoke, mikutano imekatazwa. "Mwanangu yuko ndani," alisema. "Nipeni, niondoke."

Nilikwenda na mwavuli na chupa ya chai. Askari akaniuliza ninatafuta nini. "Watu wawili si mkutano," nikamjibu, nikaketi. Mvua ya Agosti ilitunyeshea bila huruma. Siku iliyofuata Sarah Jepkosgei, aliyekuwa akituletea maziwa kila asubuhi, aliweka mkebe wake chini akaketi pia, na baada yake wanawake wa kanisani kwangu, walewale waliokuwa wakisema Eliakim amerogwa. Hatukuimba, maana wimbo hatukuujua. Tuliketi tu. Wale askari walikuwa watoto wa watu. Walianza kupitia mlango wa nyuma ili wasipite mbele ya bibi.

Eliakim alitolewa kwanza. Ilikuwa Jumamosi ileile iliyopangwa kwa mazishi. Alitoka akitembea polepole, mkono wa kulia ameuzungushia shati lake. Mama yake akasikia nyayo, akainua uso. "Khaemba yuko wapi?"

"Bado yuko ndani, Mama."

Akageukia ua tena, akaendelea kulia wimbo wake. Eliakim akauficha ule mkono ndani ya koti. Nilitamani kumshika yule bibi mabega nimtikise, Mungu anisamehe. Badala yake nikamkokota Eliakim kwa daktari. Hakuwataja waliomfanyia hivyo, wala hakumtaja Opiyo mpaka mwisho. Daktari alisema vidole vitatu havitakunjika tena.

"Usimwambie Mama," Eliakim alinisihi. "Ana mzigo wake."

Na meli? Jioni hiyo walituletea ikiwa ndani ya magunia. Walikuwa wameipasua kwa shoka kutafuta bunduki tumboni, wakakuta vitanda. Askari kijana aliyeyaburuta mpaka langoni hakuinua macho. "Chukueni, na mzike kimya kimya," alisema.

Eliakim alipoona magunia alipiga magoti. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia sauti yake ikipanda. "Nitaunda nyingine, Mama! Nipe muda. Nitaunda nyingine!" Na huo mkono! Nilifunga macho.

Bibi alikuwa ameshaingiza mikono guniani. Alitoa kipande baada ya kipande, akikipapasa na kukiweka mapajani: ubavu, ngazi, bomba lililobondwa, kitanda. Akauliza, "Opiyo yuko hapa?"

Alikuwako, nyuma yetu, kofia mkononi.

"Opiyo, siku ile, ilikwenda chini ikiwa nzima?"

Yule mzee wa maneno mengi aliibana kofia kifuani. Mwishowe akasema, "Hapana, Mama. Ilikatika katikati. Pale palipokuwa na makaa. Ilikuwa vipande hivi hivi."

"Na mwanangu?"

"Vilevile, Mama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

Bibi akainamisha kichwa. Tulingoja aanguke. Lakini alimgeukia Eliakim, akasema kwa utulivu, "Usiunde nyingine. Meli nzima haikuniulia mtoto. Iliyoniulia mtoto ni hii. Sasa amekuja jinsi alivyokufa."

Tulimzika Chepsaita, watu wachache, mvua ikinyesha juu ya mahindi. Jeneza halikuwapo, maana fundi hakuweza kushika msumeno. Tulitandika blanketi la bibi, na Opiyo akapanga vipande mahali pake, pua huku, mkia kule, pengo katikati. Mchungaji aliomba kwa sauti ya chini. Bibi alitupa udongo wa kwanza, kisha akalia, na kilio hicho hakikuwa kile cha kituoni. Kilikuwa cha mwanamke aliyeambiwa leo asubuhi kwamba mwanawe amekufa.

Yeye mwenyewe alikufa kabla ya mahindi hayo kuvunwa. Jeneza lake lilinunuliwa mjini kwa mtu mwingine, na Eliakim alisimama kando akilitazama kona zake. Hakurudi kwenye randa. Alibaki Chepsaita akilima kwa mkono mmoja na nusu, na karakana ikawa ya kuuza mkaa. Ninawaambia mapema ili msiningoje niwape habari njema.

Lakini kuna ile siku ya tatu baada ya kumzika Khaemba, siku ya kunyoa. Nilikuwako, maana sikuweza kurudi Munyaka nikaliacha jambo katikati. Mwanamke mkubwa wa ukoo alimketisha bibi Nanyama uani, akamnyoa nywele zote. Kichwa kilitoka kidogo, cheupe, laini, na yeye akakipapasa akishangaa. Eliakim alikuja na kikombe cha chai, akachuchumaa mbele yake, akampa.

Bibi hakupokea. "Unanipa kwa mkono wa kushoto?" akauliza. "Mimi mama yako?"

"Nisamehe, Mama."

"Wa kulia uko wapi?"

Nanyama akanyoosha mkono, akatafuta ndani ya koti lake, akautoa ule mkono uliofungwa kitambaa. Akafungua kitambaa. Akapapasa kidole kimoja, akapapasa cha pili, akapapasa cha tatu, akarudi tena cha kwanza. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile.

"Eliakim," akasema. "Eliakim wangu. Hii ni lini? Nilikuwa wapi mimi?"

"Haiumi sana, Mama."

Na mwanamume yule mzima, mwenye mvi kidevuni, aliweka kichwa kwenye magoti ya mama yake akalia mpaka chai ikapoa.